Kisangani hadi Yahuma kwa baiskeli: hesabu mito, si kilomita

Unataka kwenda Yahuma kwa baiskeli? Weka kilomita pembeni kwanza. Hesabu mito.

Kila kijito njiani kina bonde lake. Unashuka, unakuta daraja la magogo, halafu unapanda kilima upande wa pili. Hakuna mlima wa kutisha huku. Nchi yote ya mto Kongo kutoka Kisangani kwenda magharibi iko kati ya mita 350 na 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wahispania wana Angliru, kilima kimoja cha kilomita 12 na nusu, na waendesha baiskeli wao hukiogopa mwaka mzima. Sisi hatuna kitu kama hicho. Tuna vilima vifupi vinavyofuatana kutwa nzima, na hivyo ndivyo vinavyommaliza msafiri.

Usividharau kwa sababu ni vifupi. Mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025 yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa Afrika kuyapokea. Mbio za wanaume zilikuwa na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, na sehemu kubwa ilitokana na vilima vifupi vya mjini vilivyorudiwa mzunguko baada ya mzunguko. Waendeshaji wengi hawakumaliza. Hao walikuwa na gia nyingi, lami, na gari la fundi nyuma yao. Wewe una gia moja, udongo, na mzigo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta habari. Nenda kwa watu waliotoka huko wiki hii: wachuuzi sokoni, vijana wa pikipiki, abiria wanaoshuka kwenye mitumbwi ya injini kutoka Isangi. Kaa na mmoja wao, mwambie akutajie mito mmoja mmoja. Andika kwenye daftari: jina la mto, daraja zima au bovu, kilima kikali kiko upande gani, kijiji kinachofuata. Ramani ya simu haijui kwamba gogo limeng'oka juzi.

Muulize mtu wa pili maswali yaleyale. Wakipishana, muulize wa tatu.

Sasa chagua njia ya kutokea mjini. Yahuma iko magharibi ya mto Lomami, nawe uko mashariki yake, kwa hiyo lazima uvuke maji makubwa mahali fulani. Unaweza kupita ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kuanzia Lubunga kupitia Yanonge. Unaweza kupita ukingo wa kulia hadi Yangambi, ukivuka mto Lindi njiani, halafu uvuke mto Kongo kwa mtumbwi. Au panda boti na baiskeli yako hadi Isangi, pale Lomami inapoingia mto Kongo, uanze kunyonga kutoka hapo. Kama ni mara yako ya kwanza na una mzigo, chukua boti. Utafika kwenye vilima ukiwa na miguu mizima.

Kabla ya kuchagua njia ya Lubunga, ulizia usalama. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulianza kumwaga damu upande huo mwaka 2023, na hali hubadilika. Usikubali jibu la "iko sawa tu" kutoka kwa mtu asiyepita huko.

Msimu unaofaa ni miezi yenye mvua chache: Januari na Februari, au Juni na Julai. Mvua haikosekani kabisa. Eneo la Kisangani hupata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, na hata katika miezi mizuri utalowa. Tofauti ni kwamba barabara hupata muda wa kukauka. Ukiweza kuahirisha safari ya Oktoba hadi Januari, ahirisha.

Baiskeli. Ile nzito ya Kihindi au ya Kichina yenye magurudumu ya inchi 28 inafaa kuliko baiskeli ya kisasa yenye gia nyingi. Sababu ni vipuri. Mpira wake, spoki zake na breki zake utavipata kwenye soko la kijijini. Gia ya kubadilishabadilisha ikivunjika msituni, umeishiwa.

Lakini ifanyie badiliko moja kabla ya kuondoka: sproketi ya nyuma. Nyingi huja na meno 18. Mwambie fundi aweke yenye meno 20, au 22 akiipata, na aongeze pingili ya cheni ikihitajika. Kama sproketi ya mbele ina meno 44, kwa 18 nyuma kila mzunguko wa pedali hukusogeza karibu mita 5 na nusu. Kwa 22, karibu mita 4 na nusu. Utapoteza mwendo kwenye tambarare, ndiyo. Utaupata mara mbili kwenye vilima ambavyo sasa utavipanda ukiwa umekaa.

Halafu shika kila spoki kwa vidole, uibonyeze. Inayocheza ikazwe. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi lina spoki 40 kwa sababu ndilo linalobeba mzigo. Ikikatika moja, jirani zake hufuata. Chukua spoki 4 za akiba, zifunge kwa raba kwenye bomba la fremu.

Kitu kinachosahauliwa na wengi ni ile pini ya chuma inayobana mkono wa pedali. Kwenye kilima inabeba nguvu yako yote. Ukisikia "tak" moja kila mzunguko wa mguu, simama hapohapo. Tafuta jiwe au kipande cha gogo kigumu, kiweke chini ya mkono wa pedali uegemee vizuri. Gonga pini kwa nyundo mara mbili tatu ili iingie, kisha kaza nati yake. Usiikaze kwa nati peke yake, utaharibu nyuzi. Na usiseme utaitengeneza kijijini. Ukiendelea kunyonga ikiwa imelegea, tundu linapanuka, na hakuna kwado, yaani fundi wa mipira wa njiani, atakayeliziba.

Cheni ipake mafuta ya injini, kidogo, kisha ifute kwa kitambaa mpaka iwe kama haina kitu. Mawese waachie wapishi. Yananata, yanashika mchanga, na mchanga unakula meno ya sproketi.

Mfuko wa vifaa uwe na pampu, viraka na solisyo, mpira wa ndani mmoja, spana zinazolingana na nati zako, nyundo ndogo, waya, na kipande cha tairi kuukuu cha urefu wa kiganja. Hicho kipande unakiweka ndani ya tairi likichanika na kisiki. Kwado utawapata penye soko. Kati ya soko na soko, wewe ndiye kwado.

Mzigo ndio unaoamua kama utapanda au utasukuma. Weka vizito chini, karibu na ekseli ya nyuma, sawasawa kushoto na kulia. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina kilo 18 hivi. Mbili zikining'inia pande zote mbili za gurudumu ni afadhali kuliko moja iliyokaa juu ya keria. Mzigo wa juu unaivuta baiskeli ubavuni kila unapokanyaga pedali, na kwenye mteremko unakusukuma kwa nyuma. Vyepesi tu ndivyo vikae juu: nguo, chandarua, mkeka.

Funga kwa vipande vya mpira wa ndani, usifunge kwa kamba ya nailoni peke yake. Mpira hujikaza wenyewe mzigo unapotikisika. Kamba hulegea. Baada ya kilomita chache za kwanza simama ufunge upya, maana kila mzigo hukaa chini kidogo mwanzoni.

Kisha ujaribu. Tafuta mteremko wowote mjini, sukuma baiskeli ikiwa na mzigo wote kwa hatua 100 bila kusimama. Ukishindwa, punguza. Usijiambie kwamba utazoea njiani.

Wachuuzi wa mbali wana ujuzi mmoja ambao nakuomba uuchukue kama ulivyo: fimbo mbili. Ya kwanza ifunge kwenye mkono wa kushoto wa usukani, itokeze nje, ili uweze kuongoza ukiwa unatembea pembeni bila kuinama juu ya mzigo. Ya pili isimamishe nyuma ya kiti, ifungwe kwenye bomba la kiti, ifike usawa wa kifua chako. Mkono wa kushoto unaongoza, mkono wa kulia unasukuma fimbo ya nyuma. Mgongo unabaki umenyooka. Anayesukuma kwa kushika kiti huumwa kiuno siku ya kwanza jioni, na siku ya pili hasogei.

Sasa tuje kwenye kilima chenyewe.

Kwenye lami ya nchi nyingine, watu hushuka kwa kasi ili kasi hiyo iwasaidie kupanda upande wa pili. Huku mbinu hiyo itakuvunja. Katikati ya mteremko na kilima kuna daraja, na daraja hilo unalivuka kwa miguu. Kwa hiyo kila kilima unakianza kutoka sifuri. Kubali hilo na upange nguvu zako hivyo.

Ukishavuka, usipande baiskeli hapohapo penye tope. Tembea mpaka ardhi iwe kavu na ngumu. Kunywa maji mafunda mawili. Ndipo upande.

Nyonga ukiwa umekaa, polepole, kwa mwendo mmoja. Ukisimama juu ya pedali na mzigo nyuma, baiskeli inayumba na usukani unakimbia. Barabara ikiwa pana na hakuna pikipiki inayokuja, panda kwa kukata kona kushoto na kulia. Umbali unaongezeka lakini mwinuko unapungua.

Kipimo cha nguvu ni maneno. Sema sentensi moja kamili kwa sauti. Ikikatika katikati kwa kukosa pumzi, shuka usukume. Shuka ukiwa bado una mwendo kidogo. Ukingoja mpaka baiskeli isimame kabisa, utaanguka nayo, na mzigo utakuwa juu yako.

Kusukuma si aibu. Watu wenye nguvu kuliko sisi wote wanasukuma. Piga hatua fupi, elekeza mwili mbele, usivute pumzi kwa haraka. Ukitaka kupumzika katikati ya kilima, weka jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma kabla ya kuachia mikono. Jiwe kwanza, mikono baadaye.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Rimu za chuma zikilowa, breki hushika kidogo sana. Kwa hiyo kabla ya kuanza mteremko bana breki zote mbili kidogo, uache zisugue rimu kwa mita kadhaa zikauke. Halafu jaribu: zinashika? Kama hazishiki, tembea.

Tumia breki ya nyuma zaidi. Ya mbele iguse taratibu na usiiguse kabisa gurudumu likiwa kwenye tope au mchanga. Punguza mwendo kabla ya mahali pabaya, usisubiri mpaka umeingia. Mvua huchimba mifereji katikati ya barabara hizi. Chagua tuta moja na ulifuate mpaka mwisho, usirukeruke kutoka tuta hadi tuta. Ukiona mtu wa pikipiki mwenye mzigo anapanda, mpishe wewe. Yeye akisimama hataondoka tena.

Na hapo chini kuna daraja. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibika.

Shuka kwenye baiskeli mapema, hatua 20 kabla. Acha baiskeli upande huu, nenda mwenyewe ukatazame. Magogo mara nyingi yamelazwa kufuata njia, na nafasi kati ya gogo na gogo inalingana vizuri na tairi lako. Likiingia humo, rimu inapinda. Tazama gogo lipi limefungwa na lipi limewekwa tu. Likanyage kwa mguu mmoja ukiwa umeshika kitu. Tazama na upande wa chini: gogo linaweza kuwa zima juu na limeoza tumboni.

Kama magogo yamelowa, yana utelezi wa kamasi. Mwaga mchanga au udongo mkavu juu yake. Vua viatu kama soli zake zimeisha.

Kisha uamue: baiskeli na mzigo pamoja, au mzigo kwanza? Ukiwa na shaka yoyote, fungua mzigo. Beba bidoni moja moja, rudi, vusha baiskeli tupu kwa kuiweka begani. Kufungua na kufunga upya hakumalizi nusu saa. Mzigo uliotumbukia mtoni umepotea wote.

Katika madaraja kadhaa utakuta vijana waliotengeneza magogo na wanaomba chochote. Uwe na noti ndogo za faranga, zikae mfuko tofauti na pesa zako nyingine. Walipe kwa moyo. Bila wao daraja hilo lingekuwa mto tu. Kwenye barieri za njiani nako utahitaji noti hizohizo, pamoja na kadi yako ya mpiga kura, na barua ya kazi kama umetumwa na ofisi, kanisa au shule.

Lomami si kijito. Patana bei kabla baiskeli haijaingia kwenye mtumbwi, ukitaja kila kitu: mtu, baiskeli, mzigo. Ilaze baiskeli chini, usiisimamishe. Usiufunge mzigo mwilini mwako. Ukiona wingu jeusi limesimama na upepo umeanza, ngoja ukingoni hata kama mwenye mtumbwi ana haraka. Usiku usivuke. Boti ikiwa na jaketi la kuokolea, livae. Likiwa limekaliwa na mtu kama mto wa kukalia, liombe.

Saa za safari ni rahisi kuzikumbuka. Huku tuko karibu na ikweta: mchana ni saa 12 mwaka mzima, na giza likianza huingia haraka. Ondoka saa 12 asubuhi. Nyonga mpaka saa 5. Pumzika kivulini wakati wa jua kali, endelea saa 8, na saa 10 jioni uwe kijijini. Mvua za radi hupenda alasiri, kwa hiyo ile sehemu ya daftari yenye mito mingi ipange asubuhi. Mvua ikinyesha usiku, usitoke alfajiri. Ngoja jua lipande. Chini ya miti mikubwa tope hukaa kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Chakula: kwanga, karanga, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, na chumvi kidogo ya kuweka kwenye maji yako. Maji yachemshwe jioni kwa ajili ya kesho. Lotoko, ile pombe kali, utakaribishwa; shukuru na uikatae mpaka safari iishe.

Kijijini, kabla ya kutafuta pa kulala, nenda kwa mkuu wa kijiji. Msalimie, jitambulishe, mwambie unatoka wapi na unakwenda wapi. Usiku huo wewe ni mgeni wake, na baiskeli yako ni amana yake. Kiswahili kitakufikisha mbali Kisangani, lakini ukielekea Yahuma Lingala ndiyo inayofungua milango. Ukisema "Mbote" na kuuliza "Nzela ezali malamu?" utapewa habari nyingi za barabara ya kesho kuliko utakazoweza kuandika. Toa daftari, zilinganishe na zile ulizokuja nazo.

Jioni kabla ya kula, ikague baiskeli ingali na mwanga: spoki, pini za pedali, mipira ya breki, upepo. Dakika 10 zinatosha. Asubuhi utakuwa na haraka, na watoto watakuwa wamekuzunguka.

Jambo la mwisho linawahusu walio nyuma yako. Ukikuta daraja limevunjika au shimo jipya chini ya mteremko, kata tawi bichi lenye majani, lisimamishe katikati ya njia juu kabisa, kabla kilima hakijaanza kushuka. Waambie na wote utakaokutana nao njiani. Mtu mwenye kilo 60 nyuma yake, akiliona shimo akiwa ameshafika chini, hana tena uwezo wa kusimama.